Leta Mtu, Uondoke

"Leta mtu," afisa mafunzo alimwambia, "halafu uondoke."

Alisema hivyo huku akimenya chungwa, bila hata kuinua macho. Dereva aliyesimama mbele ya meza yake, kofia mkononi, alikuwa mke wa fundi wa kuchomelea, mama wa binti mmoja, na pale yadi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote, kuanzia mlinzi wa getini mpaka wapakiaji wa sukari, walimwita Rivasi.

Mkataba wake haukuhesabu miezi, ulihesabu safari. Kampuni ile humchukua mtu mwenye leseni lakini asiye na uzoefu, ambaye hakuna tajiri mwingine anayemtaka, ikamfundisha kuendesha trela. Naye hulipa mafunzo hayo kwa kufanya safari mia moja kabla hajawa huru kwenda kokote. Asipozimaliza, gharama zote zinamrudia yeye. Akitoroka zinamwangukia mdhamini wake. Mdhamini wa Rivasi alikuwa mjomba wake, mzee mwenye nyumba moja na mapafu mabovu, kwa hiyo habari ya kutoroka ilikwisha kabla haijaanza. Siku ya kusaini waliambiwa kwamba mtu mwenye bidii huzimaliza safari hizo kwa mwaka mmoja na nusu, na wakapewa soda. Mwaka na nusu ulikuwa umepita, soda ilishasahaulika, na Rivasi alikuwa na safari nne.

Si kwamba hakujua kazi. Tatizo ni kwamba aliijua mno. Yadi ile ilijengwa enzi za malori madogo, na milango yake minane ya kupakilia iko nyuma ya nguzo za zege. Trela la siku hizi likitaka kuingia lazima lirudi nyuma kwa kujikunja mara mbili, huku limeachiwa kiganja kimoja upande huu na kiganja kimoja upande ule. Madereva wazima, watu waliovuka mipaka mitatu, hufika getini wakazima injini na kwenda kunywa chai. Wiki ya kwanza ya mafunzo Rivasi aliliingiza trela mlango wa nne kwa mkupuo mmoja. Watu wakampigia makofi. Naye, Mungu amsamehe, akaliingiza jingine mlango wa sita, kwa sababu makofi yalimnogea. Alidhani anafuzu mapema.

Kobe, mwenzake waliyesaini naye siku moja, aligonga nguzo mbili ndani ya wiki hiyohiyo, na ya pili akaiacha imeinama. Wakubwa wakaona huyu yadi haimfai, wakampeleka barabarani ambako hakuna nguzo. Sasa Kobe alikuwa amebakiza safari chache awe mtu huru. Kila akirudi kutoka mpakani alimletea Rivasi vitunguu na kumwita mwalimu, tena kwa heshima ya kweli, na Rivasi akipokea vile vitunguu alijisikia vibaya kuliko angetukanwa.

Halafu ikatokea kampuni ya kusafirisha maziwa. Walimjaribu, wakampenda, wakataka aanze mwanzo wa mwezi. Ila walitaka barua ya kuachiliwa, maana wenye malori wanajuana wote na hakuna anayemchukua dereva wa mwenzake bila barua hiyo. Ndiyo maana alikuwa amesimama mbele ya chungwa la afisa.

"Mtu wa namna gani?" aliuliza.

"Mwenye leseni. Mwenye akili ya kurudisha nyuma kama wewe. Asaini mkataba wake aanze moja, na wewe nakuandikia barua yako hapohapo."

"Na za kwangu tisini na sita?"

"Zitakuwa zimebebwa na yeye." Afisa akainua macho sasa, na hayakuwa macho ya mtu mbaya. "Rivasi, mimi sina ugomvi na wewe. Nina milango minane na mtu mmoja. Ungekuwa wewe umekaa hapa, ungemwachia huyo mtu?"

Rivasi akafikiri, akaona asingemwachia, na hilo likamuudhi zaidi.

*

Nyumbani kwake palikuwa vyumba viwili na pazia. Chumba cha mbele mchana kilikuwa sebule, na usiku kilikuwa chumba cha mdogo wake fundi, kijana wa miaka ishirini na saba ambaye mtaa mzima ulimwita Diploma kwa sababu ndicho kitu pekee alichokuwa nacho. Aliipata kwa masomo ya ununuzi na ugavi, na tangu aipate hakuna mtu aliyemtuma kununua chochote isipokuwa shemeji yake. Baada ya miaka miwili ya kuandika maombi alijifunza udereva kwa pesa za kaka yake, akapata leseni ya malori, na hiyo nayo ikawa karatasi ya pili ya kuwekwa kabatini pamoja na ile ya kwanza.

Rivasi alipanga kuwaambia habari za maziwa tu. Lakini mume wake alikuwa mtu wa kuuliza swali juu ya swali, na kabla chai haijapoa maneno ya afisa yalikuwa yamemtoka.

"Wanataka mtu wa kuchukua nafasi yako?" Fundi aliweka kikombe chini. Macho yake, mekundu daima kwa cheche za kazini, yakamgeukia mdogo wake aliyekuwa akimfundisha binti hesabu mkekani. "Wanataka mtu, na mtu tunaye humu ndani analala kwenye kochi?"

"Nitatafuta mwingine," Rivasi alisema haraka. "Yuko mmoja pale karibu na kituo cha mafuta."

"Mwingine wa nini? Nafasi itoke humu iende kwa watu?"

Diploma alikuwa ameshika kalamu ya mtoto hewani, na uso wake ulikuwa umefunguka kiasi kwamba Rivasi alishindwa kumtazama. "Shemeji," alisema mwishowe, "kama unaona sistahili, niambie tu. Sitakasirika."

"Unastahili, shem. Sijasema hustahili."

"Basi yamekwisha," fundi alisema, na palepale akampigia simu mama yake. Mama mkwe, ambaye miaka miwili nyuma alisema mwanamke wa trela hataleta heshima katika ukoo, aliomba apewe mkwe wake azungumze naye. Alilia. Alisema umemfungulia mwanangu njia, mama, na mimi niliyoyasema zamani usiyaweke moyoni. Rivasi akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, huku ameshika simu kwa mikono miwili.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo halikujulikana na yeyote mle ndani. Kwa mume wake, kwa mtaa, kwa mama mkwe, Rivasi alikuwa dereva wa barabarani. Siku ya kwanza aliporudi na koti la kampuni lenye mistari inayong'aa, watoto walimsindikiza mpaka mlangoni, na fundi, aliyegombana na mama yake kwa ajili ya koti lile, alisimama nje akiwa amejaa fahari. Angemwambiaje kwamba kazi yake ni kusogeza matrela ya watu wengine hatua mia mbili? Alijiambia nitamwambia wiki ijayo, nikishapewa safari. Safari zikaja nne, fupifupi, zikakoma. Naye akaendelea kuaga, na mara nyingine, ili aonekane amesafiri, alilala kwenye kitanda chembamba nyuma ya kiti cha lori lililoegeshwa mlango wa sita, mwendo wa nusu saa kutoka kwake, akisikiliza panya kwenye magunia. Aliona aibu kila mara. Lakini uongo ule ulikuwa umeshazoea njia, ukawa unatoka wenyewe.

Hata posho ilikuwa imeleta neno. Binti alipolala, fundi alimvuta mke wake upande wa pili wa pazia.

"Sina neno na mshahara," alisema kwa sauti ya chini. "Nauliza posho ya safari. Mke wa Kobe kaweka vigae sakafuni. Wewe na Kobe mlisaini siku moja."

"Safari zetu si sawa."

"Kama unampelekea mama yako, sema. Ni mama yako, sitagomba. Lakini usinifanye mimi mpangaji ndani ya nyumba yangu."

Rivasi akakunja koti lake, akalikunjua, akalikunja tena. "Nikianza maziwa mambo yatakuwa mazuri," alisema. Mume wake akazima taa.

*

Fundi hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Kesho yake alirudi kutoka bandani na kichwa cha lori na trela lake, vyote vya nondo na mabati ya mabaki, urefu wa mkono mmoja, vikiwa vimeungwa kwa pini inayozunguka. Mpaka magurudumu yalikuwa yanageuka. Walipanga vikombe sakafuni kuwa nguzo, na Diploma akapiga magoti na kuanza kujifunza.

"Ukitaka mkia uende kushoto, usukani peleka kulia," Rivasi alimfundisha. "Kidogo tu. Ukishaona mkia umeanza kwenda, ufuate. Usiusubiri, utakukunjia."

"Kama kubishana na kaka," Diploma alisema. "Unamkubalia kwanza, halafu unampeleka unakotaka."

Binti alicheka, fundi naye akacheka, na kwa muda mfupi chumba kikawa chepesi. Wiki nzima wakafanya hivyo. Rivasi aliomba, na ndani ya moyo wake hasa aliomba, shemeji yake awe mzito. Lakini kijana alikuwa na mkono. Siku ya tatu hakugusa kikombe hata kimoja. Jumapili mlinzi wa yadi aliwafumbia macho, wakaingia kwenye lori lenyewe, na Diploma akalirudisha katikati ya madebe mawili bila kugusa hata moja.

"Barabarani kukoje, shemeji?" alimuuliza wakiwa bado wamekaa juu kule. "Kule mbali. Usiku, mtu uko peke yako."

Rivasi akamweleza. Alimweleza mlima wa karibu na mpaka ambapo malori hupanda yakilia, vibanda vya chai visivyofungwa, ukungu wa alfajiri unaoingia mpaka ndani ya soksi. Yote alikuwa ameyapata kwa Kobe, na aliyasimulia vizuri kuliko Kobe mwenyewe. Diploma alisikiliza kwa makini, akashukuru. Rivasi alijichukia vibaya sana siku ile, akashuka na kusingizia kichwa kinamuuma.

Maana hesabu ilikuwa wazi. Shemeji akisaini, yeye anatoka. Shemeji akijua, hasaini, na yeye anabaki na milango yake minane mpaka azeeke. Na kijana yule, kwa mkono ule aliomtengenezea mwenyewe, hatapewa barabara hata moja.

*

Jumamosi wakaenda watatu. Fundi alikuja kwa sababu kila mkataba ulitaka mdhamini mwenye kitu, na kitu chake kilikuwa mashine ya kuchomelea, ile iliyolisha nyumba. Alivaa shati la harusini. Kwenye benchi nje ya ofisi walikuwa wamekaa vijana wengine wawili na bahasha zao, wamebana magoti kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa.

Afisa aliwapokea vizuri, akaagiza kwanza jaribio. "Mlango wa nne," alisema. Rivasi akamtazama, maana mlango wa nne hawapewi wageni. Afisa hakumtazama.

Diploma akapanda. Alikwenda mbele, akasimama, akavuta pumzi, mabega yake yakaonekana kupitia kioo yakishuka. Kisha trela likaanza kurudi, polepole, likajikunja mara ya kwanza, likanyooka, likajikunja mara ya pili. Katikati alisita, akasogea mbele kidogo kurekebisha, akarudi tena. Trela likaingia katikati ya nguzo na kugusa mpira wa ukuta bila kishindo. Mpakiaji mmoja akapiga mluzi. Fundi alishika mkono wa mke wake mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Rivasi hakuwa anaangalia trela. Alikuwa anamwangalia afisa, aliyekuwa ameacha chai yake dirishani na kutoka mpaka nje. Macho yale aliyajua. Aliyaona mara moja zamani, wiki ile ya makofi.

"Huyu umemtoa wapi?" afisa aliuliza.

"Shemeji yangu."

"Huyu hatoki hapa," afisa alisema, akamsifu kwa moyo wake wote.

Ofisini mambo yalikwenda haraka. Mkataba ulikuwa mezani. Barua ya Rivasi nayo ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa na muhuri, imekandamizwa kwa kikombe ili feni isiipeperushe. Aliweza kusoma jina lake, jina kamili, lile ambalo pale halikutumika. Fundi alielekezwa mahali pa kuandika aina ya mashine yake, akaandika kwa herufi kubwa, ulimi ukiwa umetoka nje kidogo kama mtoto wa shule. Diploma alisoma kila ukurasa, ndiyo kazi aliyosomea, akafika kwenye kifungu cha safari.

"Safari mia," alisema. "Kwa kawaida mtu anazimaliza kwa muda gani?"

"Inategemea bidii yako," afisa alisema.

"Sawa." Kijana akafungua kalamu, kisha akageuka, kirafiki tu, kwa udadisi wa mtu aliyeshapata. "Shemeji, wewe umefikisha ngapi?"

Feni ilizunguka. Afisa akakisogeza kile kikombe pembeni, ile barua ikawa wazi, akaishika kwa kidole kimoja asije akaipoteza.

Angeweza kusema sitini. Angeweza kusema themanini, na nani angehesabu? Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alimwona Diploma, kalamu mkononi, na akakumbuka alivyomwambia habari za ukungu unaoingia kwenye soksi.

"Nne," alisema.

"Nne nini?" fundi aliuliza.

"Safari nne. Toka nisaini."

"Na siku zile ulizokuwa hulali nyumbani?"

"Nililala humuhumu. Ndani ya lori, nyuma ya mlango wa sita." Alikuwa anaongea na ukingo wa meza. "Mimi ndiye ninayeingiza matrela. Wengine wanasafiri, mimi nawapangia. Kobe aligonga nguzo, wakampeleka barabarani. Ukiweza mlango wa nne, shem, hawakutoi. Wewe leo umeuweza."

Afisa hakukanusha. Alisema kwa upole kwamba kampuni hupanga watu kadiri ya uwezo wao, na yadi nayo ni kazi, na wapo wanaoitamani, wako hapo nje kwenye benchi. Yote yalikuwa kweli.

Diploma aliifunga kalamu, akaiweka juu ya mkataba. "Kazi ni kazi, shemeji," alisema taratibu. "Mimi nimekaa miaka miwili. Hata hii ningeichukua. Ila ningependa niichukue nikijua."

"Ndiyo nimekwambia."

"Umeniambia sasa hivi."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliuma. Aliye na ukali alikuwa kaka yake. Fundi alivuta ile karatasi ya udhamini, akakata jina la mashine yake kwa mstari mmoja, akaukata tena, akasimama. "Mashine yangu haisainiwi hapa," alisema. "Tukitaka kunyongwa tutajinyonga wenyewe."

Afisa aliinua mabega. Aliifungua droo, akaiweka ndani ile barua yenye jina kamili, akaifunga. "Basi," alisema. "Rivasi, kuna trela la sukari getini. Mlango wa nne. Mteja anapiga kelele tangu asubuhi."

*

Kwenye korido, mbele ya wale vijana wa benchi, fundi alimsimamisha mke wake. Alijitahidi asipaze sauti, ikawa inakwaruza.

"Nilimkosea mama yangu adabu kwa ajili yako. Nimewaambia watu kijiweni mke wangu yuko mpakani, na wewe uko hapa nyuma ya ukuta. Mwaka na nusu. Wangapi wanajua? Huyu mlinzi anajua?"

"Anajua."

"Mlinzi anajua. Mimi mumeo sijui."

"Ulijivuna, baba. Sikuweza kukuondolea fahari hiyo." Machozi yalikuwa karibu, akayameza. "Nilikuwa naona aibu. Sina neno lingine zaidi ya hilo. Na posho sikumpelekea mtu. Hakukuwa na posho."

Fundi alikumbuka maneno yake ya nyuma ya pazia, na shati la harusini likaanza kumbana shingoni. Diploma alikuwa ameshatangulia nje. Getini honi ilipigwa, ndefu, ya mtu aliyechoka kungoja, na sauti ya afisa ikaita kutoka dirishani: "Rivasi."

Akaenda. Alipanda kwenye lori la sukari, akavuta mlango, akarekebisha vioo kama alivyofanya mara nyingi asizoweza kukumbuka. Dereva wa safari alikuwa ameshaondoka kwenda chai. Simu ilikuwa mfukoni, na alijua kwamba jioni atalazimika kuwapigia watu wa maziwa na kuwaambia wasimsubiri. Mwanzo wa mwezi wangempata mwingine. Aliwaza hivyo huku mikono ikifanya kazi yenyewe: mbele, simama, kulia kidogo, acha mkia uende, ufuate. Mkunjo wa kwanza ukapita. Kwenye kioo cha kushoto aliiona nguzo ya mlango wa nne ikija, safi, haina hata alama, maana miezi yote hiyo hakuwahi kuigusa.

Hapo ndipo panapotakiwa usukani urudi kushoto, nusu mzunguko. Mikono yake ilijua, ikaanza kwenda. Aliizuia. Ilimchukua nguvu kuizuia kuliko ilivyomchukua kuifundisha. Akaushika usukani pale ulipo, akauma meno, akaacha tani zote zile za sukari ziende zilikokuwa zinakwenda.

Kishindo chake kilisikika mpaka barabarani. Wapakiaji waliacha magunia. Nguzo ilibaki imesimama, lakini bampa la nyuma la trela lilikunjika kuelekea ndani na taa zikamwagika chini. Ndani ya lori Rivasi aliegemeza kichwa kwenye usukani, akalia, kwa sababu ile ilikuwa kazi yake na aliipenda, na hakuna mtu aliyewahi kuiharibu mbele yake.

Afisa alikuja mbio, chai imemmwagikia suruali. "Rivasi, unaumwa?"

"Sijui, bosi. Mkono umekataa."

"Umekataaje? Wewe?"

"Nimelala vibaya siku nyingi," alisema, na alikuwa anasema kweli.

Afisa alizunguka trela, akarudi, akazunguka tena. Alisema hili bampa mtu atalilipa. Alisema Jumatatu lori hili lina safari na fundi wa kampuni yuko likizo. Fundi wa kuchomelea alikuwa amesimama pembeni ya nguzo, mikono nyuma, akitazama. Hakuna aliyemwita. Alivua shati la harusini, akampa mdogo wake alishike.

"Mimi nitalinyoosha," alisema. "Bure. Lakini mshahara wake usiguswe."

Afisa alikubali kabla fundi hajamaliza kusema. Diploma alitumwa bandani kuleta mashine kwa mkokoteni, naye akaenda bila kumtazama shemeji yake. Akarudi nayo, akiwa amekumbuka pia kuleta nyundo kubwa na miwani, na kopo la maji ambalo alimpa shemeji yake mkononi kimyakimya.

Fundi alipiga magoti kwenye saruji. Kabla ya kuinua nyundo alipitisha kidole juu ya chuma kilichokunjika, polepole, kutoka pembe mpaka pembe. Mtu anayejaribu kuikwepa nguzo huacha mkwaruzo mrefu, rangi imechanika upande mmoja. Hapa hapakuwa na mkwaruzo. Chuma kilikuwa kimekwenda moja kwa moja na kutulia, bila haraka. Alikaa hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Mke wake alikuwa amesimama juu yake na lile kopo. Nyuma yao afisa alikuwa ameshakwenda kwenye benchi, akimwambia kijana mmoja aje, alete na bahasha yake.

"Kobe aligonga ngapi?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mbili."

Akavaa miwani. Akaiwasha mashine, ikanguruma, akaisogeza karibu na goti lake.

"Moja wataiita bahati mbaya," alisema, kwa sauti ambayo ilimfikia yeye tu. "Jumatatu gonga tena. Mashine bado ni yetu."